Kumi na Saba, Unanipata?

Leo nimepewa karatasi ya kusoma:
niite namba yako mara tatu redioni,
nihesabu kumi kila baada ya mwito,
kisha nitangaze kwamba zamu yako imekwisha.
Dakika moja na nusu, amesema mkuu wa kituo.
Miaka kumi na tisa nimeishi na sauti yako sikioni, Arvid Lahtinen,
na wamenikatia dakika moja na nusu.

Basi mengine nayasema hapa, kabla sijawasha mtambo.

Sura yako sikuijua kama nilivyozijua pumzi zako.
Nilijua unapanda ngazi au umekaa garini.
Nilijua kahawa imekuunguza ulimi.
Nilijua, kwa ulivyokohoa kabla ya kujibu,
kwamba nyumba uliyoingia ina mtoto ndani.
Maneno yako ya kubana:
Nimefika. Shwari. Leteni blanketi.

Usiku ule ziwa lilipopasua barafu likameza gari la kijana wa Koskela,
ulisema "naingia majini"
kama mtu anayeaga kwenda dukani.
Redio ikafa. Dakika sita.
Nilizihesabu kwa kucha, nikichimba mbao ya meza;
alama zipo mpaka leo, nimezifunika kwa kalenda.
Halafu sauti yako, meno yakigongana:
"Tuko wawili."

Sitasema ulikuwa malaika.
Ripoti zako zilikuwa balaa, hati kama nyayo za kuku.
Mkeo wa kwanza alichoka, wa pili hakungoja kuchoka.
Ulimfunga pingu kaka yangu Raimo mbele ya mama,
siku ya ubatizo, keki haijakatwa,
na mimi nikakaa mwezi mzima nikikujibu kwa namba tupu.
Raimo ndiye aliyeniambia, baadaye sana,
kwamba kila Alhamisi ulikwenda gerezani na karata,
ukashindwa, ukashindwa, ukalipa kwa sigara.

Ya vita hukuyasema.
Medali zilikaa kwenye kopo la misumari.
Ila kila Julai, mji ukilipua fataki juu ya machimbo ya chuma,
uliomba doria ya barabara ya mbali kule msituni,
nami nilikuita kila robo saa, bila sababu yoyote ya kikazi.
Kumi na Saba, unanipata?
Nakupata.
Tukaenda hivyo hadi alfajiri, dozi kwa dozi.

Mara moja tu, siku ya kustaafu, bia ya pili mkononi,
ulinitazama ukasema:
"Kule Vietnam mimi ndiye niliyekuwa mwitaji.
Kikosi kimoja kiliacha kunijibu saa nane usiku.
Niliwaita mpaka kukapambazuka."
Ukaiweka chupa chini polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.
Nikaelewa kwa nini hukuwahi, hata mara moja,
kuniacha niite mara mbili.

Baada ya hapo ulikuwa mzee wa koleo.
Majirani waliamka wakakuta theluji imeondoka mlangoni,
na nyayo za mtu mmoja na mbwa zikiishia kwa mjane wa Trevarrow.
Jumamosi iliyopita wamekukuta kwenye benchi la sauna,
jiwe bado lina vuguvugu,
taulo limekunjwa kijeshi, pembe kwa pembe.

Sasa wananipungia mkono. Askari wamepanga mstari,
bendera imekuwa ngumu kwa baridi kama ubao.
Nitakuita mara ya kwanza, nitahesabu kumi.
Nitakuita ya pili, nitahesabu kumi.
Ya tatu, karatasi naiweka pembeni.
Ya tatu nitahesabu dakika sita.
Wacha vidole vya wapiga saluti vigande,
wacha mkuu atazame saa yake.
Ulishawahi kuibuka.